Johannes Rebmann (1820–1876): Theluji Aliyoiona na Ziwa Alilolisikia

1.0 Utangulizi

Makala haya yanasimulia maisha ya Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyeishi katika mwambao wetu kwa muda wa miaka 29 katika karne ya 19. Wanafunzi wa historia humjua kuwa Mzungu wa kwanza kuandika kwamba mlima Kilimanjaro una theluji. Wanafunzi wa isimu humjua, kwa kiasi kidogo, kuwa ni mtunzi wa kamusi. Hapa tunakusudia kumtazama kwa upande wa tatu. Katika maisha yake Rebmann alitoa madai mawili makubwa juu ya bara la Afrika Mashariki. La kwanza lilikuwa kweli, naye akabezwa kwa ajili yake. La pili lilikuwa kosa, nalo likapokewa kwa shauku na wataalamu wa Ulaya. Yote mawili aliyatoa kwa nia njema na kwa moyo ulioridhika kuwa umefika kwenye haki. Swali linalozuka ni hili: hakika aliyonayo mtu moyoni inatuambia nini juu ya ukweli wa jambo analolihakikisha?

Swali hili lina mizizi katika maisha ya kawaida. Mkaazi wa Fundo, kisiwa kidogo kilicho magharibi ya Wete huko Pemba, hewa ikisafika huweza kuiona milima ya Usambara ng'ambo ya Mkondo wa Pemba. Akisema kuwa ameiona, hapana jirani atakayemdai ushahidi, kwani jirani naye ameiona. Lakini neno hilohilo likisafirishwa hadi kwa mtu asiyewahi kusimama katika ufuko huo, hugeuka likawa dai. Hapo ndipo msikilizaji huanza kumpima msemaji badala ya kuupima mlima: ni nani huyu, macho yake yakoje, na ana haja gani ya kutuambia haya? Mkasa wa Rebmann ulikuwa wa namna hii, isipokuwa umbali kati ya ufuko na msikilizaji ulikuwa ni umbali wa kutoka Rabai hadi London.

2.0 Kutoka Gerlingen hadi Rabai

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na Stuttgart, katika ufalme wa Württemberg. Alitoka katika jamaa ya wakulima, katika nchi ambayo uchaji wa Kiprotestanti ulikuwa na nguvu nyingi. Alisomea kazi ya umisionari mjini Basel, Uswisi, kisha akapelekwa Uingereza, akaingia katika utumishi wa chama cha kimisionari cha Kianglikana kijulikanacho kwa jina la CMS. Alifika Mombasa mwezi wa Juni 1846. Huko alimkuta mwenzake, Johann Ludwig Krapf, aliyetangulia kufika mwaka 1844, na ambaye alikuwa amekwisha kumzika mkewe na mtoto wao mchanga katika mwaka huohuo. Mwezi wa Agosti 1846 wawili hao walianzisha makao yao Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, miongoni mwa Warabai, ambao ni mojawapo ya makabila ya Mijikenda.

Tabia za watu hawa wawili hazikufanana. Krapf alikuwa mtu wa mipango mipana. Alitamani kuona vituo vya misioni vikipangwa mfululizo kukata bara zima kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi. Rebmann alikuwa mtu wa mahali pamoja. Aliamini kwamba kazi ya kweli ni kukaa, kujifunza lugha, na kuwazoea watu mmoja mmoja. Tofauti hii ilizaa mfarakano baina yao mwanzoni mwa miaka ya 1850, na kila mmoja aliona kuwa njia yake ndiyo iliyo sawa. Krapf aliondoka pwani mwaka 1853, lakini Rebmann alibaki. Hata hivyo, ni huyu mpenda kukaa ambaye, katika miaka yake ya kwanza, alifanya safari zilizomtia katika ugomvi na wataalamu wa jiografia wa Ulaya.

3.0 Safari za Uchagani na Neno Baridi

Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann aliondoka Rabai kuelekea Uchagani. Kiongozi wake alikuwa Mswahili aitwaye Bwana Kheri, mzoefu wa njia za misafara, na pamoja nao walikuwako wapagazi wachache. Tarehe 11 Mei, walipokuwa wanaikaribia nchi ya Wachaga, Rebmann aliona weupe juu ya kilele cha mlima mmoja mrefu. Alimwuliza kiongozi wake weupe ule ni kitu gani. Bwana Kheri hakutaja jina la kitu chenyewe. Alijibu kwa neno moja tu, nalo ni baridi.

Jibu hili linastahili kuangaliwa kwa jicho la isimu. Lugha ya Kiswahili inalo neno theluji, lililotokana na Kiarabu, lakini neno hilo ni la yule aliyesoma au kusimuliwa. Msafiri wa pwani aliyepita chini ya mlima hakuwa na haja ya kukipa jina kitu ambacho hakukishika mkononi. Alichokijua ni athari yake, yaani kwamba huko juu kuna kitu kinachouma mwili. Kwa hiyo Bwana Kheri alitoa ushahidi uliokomea pale ulipokomea ujuzi wake. Waliokuwa na habari nyingine walisema kuwa kitu kile ni fedha. Kukiita baridi kulikuwa salama kuliko kukiita fedha, kwa sababu neno baridi halikudai zaidi ya lilichokijua.

Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, aliruka kutoka neno lile hadi kwenye kitu chenyewe mara moja. Yafaa kukiri kwamba huo ulikuwa mruko. Alikuwa mbali na kilele, na alichokuwa nacho ni weupe machoni, baridi katika neno la kiongozi, na kumbukumbu ya utotoni. Lakini hakuishia hapo. Kati ya Novemba 1848 na Februari 1849 alirudi Uchagani, safari hii akafika Machame, akawauliza wenyeji. Alielezwa kuwa kitu kile cheupe kikiletwa chini hugeuka maji, na kwamba mito ya nchi inateremka kutoka mlimani. Mwezi wa Aprili 1849 alifunga safari ya tatu, akitumaini kupita Machame hadi Unyamwezi. Mangi Mamkinga wa Machame alimnyang'anya bidhaa zake nyingi, naye akarejea Rabai akiwa mgonjwa na amekatishwa tamaa. Hakuuona mlima tena kwa karibu.

Habari za safari ya kwanza zilichapishwa mwaka 1849 katika jarida la CMS. Tarehe 3 Desemba mwaka huohuo Krapf, akiwa Kitui katika Ukambani, aliuona mlima Kenya nao ukiwa na theluji. Hivyo madai yakawa mawili, na mashahidi wawili.

4.0 Ubishi wa Cooley

Aliyesimama kuyapinga madai haya alikuwa William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyeishi London. Ni rahisi kumfanya Cooley kichekesho, na waandishi wengi wamefanya hivyo. Lakini hakuwa mjinga. Kitabu chake cha mwaka 1841 juu ya maandishi ya Waarabu kuhusu Afrika Magharibi kilikuwa kazi ya uangalifu mkubwa, na wanahistoria wa baadaye wamekiheshimu. Tena Cooley alikuwa miongoni mwa Wazungu wachache wa wakati wake waliokitafuta Kiswahili kwa bidii. Mwalimu wake alikuwa Khamis bin Uthman, Mswahili aliyewahi kuwa mkalimani wa Kapteni Owen na ambaye alifika London katika miaka ya 1830. Kwa msaada wa habari za watu kama huyo, pamoja na vitabu vya Wareno na Waarabu, Cooley alikuwa amejijengea picha kamili ya bara la Afrika Mashariki bila ya kukanyaga ardhi yake.

Picha hiyo haikuwa na nafasi ya mlima wa theluji. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1852 Cooley aliukataa ushahidi wa Rebmann. Alidai kwamba mmisionari huyo alikuwa ameona kwa dhana yake zaidi ya kuona kwa macho yake, akazitumia tofauti ndogondogo zilizomo katika maelezo yake kuwa ni dalili za udhaifu wa ushahidi mzima. Hoja hizi hazikukosa mantiki. Mlima uliokuwa umeonwa kwa mbali na mtu mmoja ni jambo la kuulizwa. Hata hivyo, hakuna sheria ya maumbile iliyoufanya usiwezekane. Tangu Alexander von Humboldt alipopanda Chimborazo mwaka 1802, ilikuwa inajulikana kuwa mlima ulio karibu na ikweta unaweza kuwa na theluji ya kudumu. Habari za mlima mrefu sana magharibi ya Mombasa nazo zilikuwamo katika kitabu cha Mhispania Martín Fernández de Enciso cha mwaka 1519.

Mwaka 1861 Baron Carl Claus von der Decken alifika Kilimanjaro pamoja na Richard Thornton, mwanajiolojia Mwingereza. Mwaka 1862 alirudi na Otto Kersten, wakapanda hadi zaidi ya mita 4,000, na theluji ikaanguka mbele ya macho yao. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunukia Decken nishani ya dhahabu. Kwa watu wengi mjadala ulikuwa umekwisha. Cooley alikataa. Mwaka 1871 Charles New, mmisionari wa Ribe, aliufikia mpaka wa theluji, akaigusa kwa mikono yake. Cooley alifariki mwaka 1883 bila ya kukubali kwamba alikuwa amekosea. Wahenga wetu wamesema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani, na methali hii inafafanua hali yake vizuri. Mashindano yana kanuni, na ya kwanza ni kujua mapema ni tukio gani litakalokuonyesha kuwa umeshindwa. Cooley hakujiwekea tukio hilo. Kila shahidi mpya alipofika, alikuwa ni mtu mwingine wa kutiwa ila.

5.0 Ramani ya Koa

Laiti maisha ya Rebmann yangeishia hapo, tungekuwa na hadithi nyepesi ya mwenye haki aliyedhulumiwa. Lakini miaka michache baada ya ubishi wa theluji, yeye na mwenzake Jakob Erhardt walitoa ramani. Erhardt alikuwa amekaa Tanga kwa miezi kadhaa akizikusanya habari za wafanyabiashara wa misafara, na Rebmann naye alikuwa na habari zake kutoka Rabai. Wasafiri waliotoka bandari mbalimbali za pwani, kila mmoja kwa njia yake, walisimulia kwamba mwisho wa safari zao kulikuwa na maji makubwa. Wakizungumza juu ya jambo hili, wamisionari hao wawili walijiwa na wazo moja kwa ghafla: maji yote hayo ni mamoja. Ramani iliyochapishwa mwaka 1855 na 1856 ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara, lenye umbo la koa, likienea kutoka karibu na ikweta hadi mbali kusini.

Kosa hilo lina maelezo ya kiisimu. Maneno nyanja, nyanza na nyasa ni ya ukoo mmoja katika lugha za Kibantu, na kila moja kwa wenyewe lina maana ya ziwa au maji makubwa. Ni nomino za kawaida. Msikilizaji wa pwani aliyeletewa maneno haya kutoka kaskazini, katikati na kusini aliyasikia kama jina moja lenye matamshi tofauti, na jina moja likazaa kitu kimoja. Kila shahidi alisema kweli. Jumla iliyopatikana kwa kuziunganisha kweli hizo ikawa si kweli.

Hapa pana jambo ambalo wanaosimulia ugomvi wa Cooley na Rebmann hulipita upesi. Cooley naye, katika makala yake ya mwaka 1845, alikuwa amechora ziwa moja refu alilolipa jina la Nyassi, ambalo ndani yake Tanganyika na Nyasa zimeunganishwa. Wapinzani hawa, waliogombana juu ya mlima, walikuwa wameingia katika kosa la namna moja juu ya ziwa, na kwa sababu moja: wote wawili walikuwa wamesikia. Tumezoea kufikiri kwamba penye wabishi wawili mmoja wao lazima awe na haki. Mkasa huu unaonyesha kwamba wabishi wanaweza kutofautiana kwa ukali katika jambo moja na wakakosea pamoja katika jingine.

Ramani ile ilizusha hamu kubwa London. Richard Burton na John Hanning Speke walitumwa kwenda kuchunguza, na mwezi wa Januari 1857 walimtembelea Rebmann nyumbani kwake Kisuludini, Rabai. Hakufuatana nao. Mwezi wa Februari 1858 walifika Tanganyika, na mwezi wa Agosti Speke alikuwa kwenye ziwa ambalo aliliita Victoria. Mwezi wa Septemba 1859 David Livingstone alifika Nyasa. Koa yule akakatika vipande vitatu. Hata hivyo, ni ramani yenye kosa iliyowapeleka watu mahali ambapo kosa lingeweza kuonekana. Ilikuwa imesema wazi ziwa liko wapi na ukubwa wake ni upi, kwa hiyo iliwezekana kwenda kuangalia.

6.0 Miaka ya Kamusi na Upofu

Mwaka 1851 Rebmann alimwoa Emma Tyler, mjane Mwingereza, ambaye aliishi naye Rabai hadi alipofariki mwaka 1866. Mtoto wao aliishi siku chache tu. Mwaka 1857 mashambulizi ya Wamaasai yalimlazimisha kuhamia Unguja kwa muda, kisha akarejea. Waumini aliowapata walikuwa wachache sana. Muda wake mwingi ulikwenda katika lugha tatu: Kiswahili, lugha ya Warabai na jirani zao, na lugha ya watu wa ziwa Nyasa.

Hii ya tatu aliipata kwa njia ya peke yake. Alikutana na Salimini, mtu wa kutoka nchi za Nyasa aliyeletwa pwani utumwani, akakaa naye akiandika maneno yake. Rebmann hakufika Nyasa maishani mwake. Kamusi iliyotokana na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1877 baada ya kufa kwake, ikihaririwa na Krapf, na ni miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo kabisa za lugha inayoitwa leo Kichewa au Kinyanja. Hadi sasa inawafaa wanaochunguza historia ya lugha hiyo.

Tukilinganisha kamusi hii na ramani ya koa, tunakuta kuwa mkusanyaji ni yuleyule, mahali ni palepale, na njia ni ileile ya kuwasikiliza waliotoka mbali. Matokeo yalitofautiana kwa sababu mambo yaliyotafutwa yalikuwa tofauti. Salimini alipoulizwa jina la kitu katika lugha yake, yeye ndiye aliyekuwa shahidi wa mwisho, kwa kuwa lugha imo ndani ya mwenye kuisema. Msafiri wa Tanga alipoulizwa ukubwa wa ziwa, aliulizwa jambo ambalo hata aliyesimama ukingoni hawezi kulijua kwa kusimama tu. Sikio linatosha kwa neno. Kwa ziwa, linatosha kutupa sababu ya kufunga safari.

Macho ya Rebmann yalidhoofika kadiri miaka ilivyokwenda. Sir Bartle Frere alipomtembelea mwaka 1873, alimkuta amekuwa karibu kipofu, akiishi na karatasi zake za kamusi. Mwaka 1875 aliondoka pwani, akiongozwa na Isaac Nyondo, kijana wa Rabai aliyesafiri naye hadi Ulaya. Alikwenda kuishi Korntal, karibu na Stuttgart, alikokuwako Krapf. Ule mfarakano wa zamani haukuwazuia wazee hawa kuwa majirani. Rebmann alioa tena mwaka 1876, na tarehe 4 Oktoba mwaka huo akafariki. Krapf alimfuata mwaka 1881.

7.0 Hitimisho

Maisha haya yanatupa mambo mawili ya kuzingatia katika kazi yetu. La kwanza ni kwamba hakika haina alama ya kuitambulisha. Rebmann hakuwa na njia ya kujua, kwa kuuchunguza moyo wake tu, kuwa hakika yake juu ya theluji ilikuwa na msingi na hakika yake juu ya ziwa haikuwa nao. Furaha ya kuona fumbo limefumbuka ilikuwapo zaidi, pengine, katika lile la pili. La pili ni kwamba kila jambo lina shahidi wake. Anayetaka kuwa na haki katika mambo yote kwa aina moja ya ushahidi, kama alivyotaka Cooley kwa vitabu na kwa mwalimu wake mmoja mahiri, ataishia kuutetea ushahidi huo dhidi ya mambo yenyewe. Sisi tunaoandika etimolojia na historia za lahaja tukiwa katika ofisi zetu, tukitegemea pengine msemaji mmoja au wawili, tuko karibu na meza ya Cooley kuliko tunavyopenda kukiri.

Jina Kilimanjaro lenyewe ni kielelezo. Krapf alilieleza kuwa ni mlima wa ukuu, akaongeza kuwa huenda ni mlima wa misafara. Wengine wamelitafutia asili katika Kichaga. Mlima umepandwa hadi kileleni tangu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika huko tarehe 6 Oktoba 1889, na urefu wake wa mita 5,895 unajulikana na kila mwanafunzi wa shule. Maana ya jina lake bado ina wabishi.

Na theluji nayo inapungua. Kati ya mwaka 1912 na 2007 sehemu ya mlima iliyofunikwa na barafu ilipungua kwa kiasi cha asilimia 85, na wanasayansi wanatazamia kwamba huenda mabaki yake yakatoweka kabla ya kati ya karne hii. Ikitokea hivyo, msafiri atakayesimama pale aliposimama Rebmann ataona jiwe tupu, na maneno ya Cooley yataonekana kuwa sahihi kwa mtu asiyejua tarehe. Ndiyo maana shajara ya safari ina thamani kubwa kuliko hoja iliyojengwa juu yake. Ndani yake mna siku, mahali, jina la kiongozi, na neno moja ambalo kiongozi huyo aliona linamtosha.